Safari Isiyo ya Lazima

Jumapili jioni, mwezi wa Julai. Mvara, Arua.

Leo jua limewaka tangu asubuhi. Mbingu ni safi kama sahani iliyooshwa ikaanikwa. Hakuna mtu hapa shuleni ambaye hajanikumbusha jambo hilo, kwa hiyo naliandika mwanzoni kabisa ili nimalizane nalo.

Niko katika chumba cha kompyuta. Wenzangu wanatazama video za muziki na kucheka kwa sauti ya chini. Mimi nimekaa dirishani na blogu yangu, ambayo sidhani kama ina wasomaji wa kujaza benchi moja. Si neno. Nataka tu kuandika jambo lililotokea kabla sijaanza kulipamba kichwani.

Leo ilikuwa siku ya wazazi.

Kwa asiyejua shule za bweni, siku hii huja mara moja kila muhula. Wazazi wanakuja na mikeka na masufuria yaliyofungwa vitambaa, wanatandika kwenye nyasi kati ya mabweni na uwanja, na kwa mchana mmoja shule nzima inanuka nyumbani. Kuku, chapati, enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, samaki wa moshi. Msichana asiyetembelewa ana njia mbili. Ama anavutwa kwenye mkeka wa rafiki, ama anapata kazi ya ghafla.

Mimi huwa napata kazi ya ghafla maktabani.

Mama yangu anaishi Koboko, anauza samaki wa moshi sokoni. Mihula miwili iliyopita hakuja. Mara ya kwanza mzigo wake ulikwama mpakani, mara ya pili alilazwa na malaria. Sikumlaumu hata kidogo. Lakini kutolaumu hakupunguzi kitu. Kuna siku namsikia mwanamke akikohoa nyuma yangu kanisani, nageuka, si yeye, halafu siwezi kufuata mahubiri tena.

Safari hii aliahidi. Alinipigia kwa simu ya matroni wetu akasema, hii ya sasa nakuja hata kwa miguu.

Na Mama akisema kwa miguu, ni kwa miguu kweli. Ndiye aliyevuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, mimi nikiwa mgongoni na godoro likiwa kichwani, kwa sababu mwenye pikipiki alimkasirisha. Hadithi hiyo huisimulia akicheka. Kwa hiyo nilijua kwamba atakuja. Na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Nyumba yake haiko Koboko mjini. Iko ng'ambo, njia ya udongo mwekundu, na kabla hujafika barabara ya lami unavuka kijito juu ya daraja la chini. Daraja lenyewe ni bamba la saruji lililolazwa juu ya mawe, halina kingo. Wakati wa kiangazi watoto hukaa juu yake wakifua soksi. Wakati wa mvua maji hupita juu ya bamba, na mgeni hawezi kujua saruji inaishia wapi.

Watu wa pale wana kosa moja, na wote wanalijua, na wote wanalirudia. Wanaangalia anga iliyo juu ya vichwa vyao. Wakiona jua, wanavuka. Lakini kijito kile kinatoka vilimani, upande wa Kongo, na hujaa kwa mvua ya watu wengine. Maji yanaweza kukukuta katikati na mgongo wako ukiwa unachomwa na jua. Mwaka jana jirani yetu aliyebeba muhogo kwa pikipiki alidhani maji yanafika magotini tu. Pikipiki ilikwenda, gunia likakwenda, yeye wakamkuta kule chini maji yanakoelekea, amekumbatia mti. Siku hizi anaisimulia kama kichekesho, na Mama hucheka mpaka anafuta macho.

Mimi sijawahi kuicheka.

Sasa niseme habari ya redio, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Shuleni tuna klabu ya hali ya hewa, chini ya Mwalimu Candia wa jiografia. Tuna kipimamvua nyuma ya jikoni, ambacho tunakisoma kila asubuhi, isipokuwa siku ile mbuzi wa mpishi alipokunywa kipimo chote cha usiku. Kila Ijumaa Mwalimu hupata karatasi ya utabiri wa wiki kutoka idara ya hali ya hewa, kwa Kiingereza. Tunaitafsiri wakati wa masomo ya jioni, na Jumamosi asubuhi tunatembea mpaka mjini, kwenye kituo kidogo cha redio kilicho juu ya duka la dawa, kuisoma kwa Kiingereza, Kilugbara na Kiswahili.

Kiswahili nasoma mimi. Ni kwa ajili ya wafanyabiashara, watu wa Sudan Kusini, watu wa Kongo, madereva. Nilichaguliwa kwa sababu ndicho tulichozungumza nyumbani. Mwalimu anasema nusu ya Kiswahili changu ni cha mama yangu na nusu ni cha kamusi, na nusu hizo bado hazijazoeana.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa, jibu linafika mpaka kwenye meno halafu linarudi. Lakini kule studio hakuna nyuso. Kuna trei za mayai zilizobandikwa ukutani ili sauti isirudi, na kuna maikrofoni. Mayai hayakucheki. Mwanzoni nilisoma haraka sana hata mtangazaji akaniambia wasikilizaji watalowa kabla hawajaelewa. Sasa naweza.

Mama hunisikiliza. Ana redio ndogo inayoning'inia kwenye msumari pale kibandani. Msichana mmoja wa Koboko aliniambia kwamba nikianza tu, Mama huwageukia wanawake wote wa upande wa samaki na kusema, nyamazeni, huyo ni wangu. Niliposikia hivyo nilitamani kuingia chini ya kitanda kwa aibu. Halafu kwa wiki nzima nililala nikitabasamu.

Lakini kusikiliza ni jambo moja na kuamini ni jingine. Miezi michache iliyopita nilisoma kwamba mvua itanyesha, akafunika samaki kwa plastiki mchana kutwa. Jua likawaka. Samaki wakatoa jasho, wakaharibika. Tangu hapo anasema: sauti ni ya mtoto wangu, lakini maneno ni ya serikali.

Basi, juzi Ijumaa, karatasi ikaja.

Ilisema kwamba kuanzia Jumamosi usiku mpaka Jumapili jioni kuna uwezekano mkubwa wa mvua kubwa zenye radi na upepo mkali katika Arua, Maracha, Koboko na Yumbe. Kwamba panaweza kutokea mafuriko ya ghafla mabondeni. Watu wasijikinge chini ya miti. Wasafiri waahirishe safari zisizo za lazima, hasa zile zinazopita kwenye madaraja ya chini.

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi juu, nikasoma tena. Jumapili. Koboko. Madaraja ya chini. Ilikuwa kama mtu ameandika barua kwa mama yangu bila kumtaja jina.

Nikaanza kutafsiri. Na hapa naungama, kwa kuwa ndiyo kazi ya blogu hii. Nilipofika kwenye orodha ya wilaya niliandika Arua, Maracha na Yumbe. Nikaiangalia sentensi hiyo. Ilikuwa nzuri, haikuwa na pengo lolote. Hakuna ambaye angegundua. Neno moja tu lilikuwa limetoka, na mama yangu angekaa Jumapili mchana mbele yangu, angenishika kidevu kama anavyofanya, aangalie kama nimekonda.

Nikamkumbuka yule jirani na mti wake. Nikairudisha Koboko mahali pake.

Kisha nikaona kwamba hiyo haitoshi. Kama Mama hayaamini maneno ya serikali, ataisikia Koboko, ataangalia juu, ataona jua, atabeba sufuria. Nikawa na hofu mbili zilizokuwa zikivutana kama watu wawili wanaogombea shuka moja. Ya kwanza, kwamba atanisikia na hatakuja. Ya pili, kwamba atanisikia na atakuja.

Nilitaka aje. Nilitaka asije. Yote mawili kwa moyo uleule.

Nililofikiria zaidi ni yale maneno, safari zisizo za lazima. Aliyeyaandika huko ofisini ana mawazo gani? Bila shaka kwake safari ya lazima ni kumpeleka mwanamke mwenye uchungu hospitali ya Kuluva. Ni maiti. Ni askari. Mama kwenda kuketi kwenye nyasi na mtoto wake akila, hilo halimo. Hakuna aliyewahi kufa kwa kutotembelewa. Ninajua hivyo kabisa. Lakini penseli yangu ilikataa kupita pale, nikawa nachora maua madogo pembeni mwa karatasi mpaka kengele.

Mwalimu Candia ana sheria moja juu ya kusoma redioni. Usiongeze, usipunguze. Hakuna salamu kwa jamaa, hakuna maoni. Anasema utabiri ni kama dawa, ukizidisha kijiko kwa huruma bado umemdhuru mgonjwa.

Jana asubuhi nilisoma vizuri. Polepole, kila wilaya kwa zamu yake. Nikafika kwenye safari zisizo za lazima, hasa zile zinazopita kwenye madaraja ya chini. Hapo palikuwa na nukta. Niliiona. Mdomo wangu ukaipita.

"Hata safari ya kwenda kumwona mtoto shuleni," nikasema. "Mtoto atangoja."

Kisha nikafunga taarifa kwa sauti ambayo sikuitambua. Mtangazaji alinikodolea macho. Nyuma ya kioo Mwalimu alikuwa ameinua kichwa.

Tulirudi kwa miguu. Wale wasomaji wengine wawili walitangulia, wakijifanya wana haraka. Tulipoanza kupanda kuelekea Mvara, Mwalimu akaniuliza sentensi ile niliitoa wapi. Nikasema kichwani. Akasema katika kazi hii kichwa si chanzo kizuri. Tukatembea. Baada ya muda akaniuliza mama yangu anakaa Koboko sehemu gani. Nikamweleza kuhusu kijito na bamba la saruji. Alisimama kwa mama mmoja wa kando ya njia, akaninunulia hindi la kuchoma, akanipa bila kuniangalia.

Jana jioni mawingu yalipanda kweli. Upepo uliinua vumbi la uwanja, tukakimbia kuanua nguo, ngurumo ikazunguka kama gari linalotafuta njia. Nikawaza, haya, ndiyo hii. Lakini mawingu yalipita upande wa mashariki, yakatuachia vumbi kwenye meno. Usiku sikusikia tone juu ya bati.

Asubuhi, jua.

Kitu ambacho sikukifikiria, na nashangaa jinsi nilivyoweza kutokifikiria, ni kwamba redio haina mama mmoja tu. Nilikuwa nikisema na Mama, na huku nikisema na wazazi wa shule nzima. Wale wa karibu walikuja, wa hapa Mvara, wa Onduparaka, wengine kwa miguu na wengine kwa boda. Wa mbali hawakuja. Nyasi zilikuwa na mikeka michache iliyotawanyika, na kwenye geti walisimama wasichana wenye nywele zilizosukwa upya na sketi zilizopigwa pasi, wakitazama barabara iliyokuwa kavu kama ubao.

Nilipopita, mmoja akaita, "Mama Mvua. Mvua yako iko wapi? Nataka kuoga."

"Iko kwa redio," mwingine akajibu. "Fungua redio, weka ndoo chini."

Msichana wa Onduparaka akasema heri wangemwuliza baba yake, ambaye kila wiki hutabiri matokeo ya mpira, na yeye angalau hupatia siku moja moja. Wakacheka. Hata mimi karibu nicheke.

Ayikoru ndiye ambaye hakucheka. Tunalala naye bweni moja, kwao ni Maracha. Alikuwa ameegemea nguzo ya geti.

"Baba alikuwa ameshafunga kuku kwenye baiskeli," akaniambia. "Amesikia wewe, amefungua kuku. Kuku amefurahi. Mimi je?"

Nilikwenda maktabani.

Maktaba yetu ina dirisha linalotazama geti na jingine linalotazama kaskazini. Nilifungua kitabu na sikukisoma. Geti likilia nasimama. Ni baba wa mtu, nakaa. Geti linalia, nasimama. Niandike ukweli wote. Nilikuwa nikimwomba Mungu Mama asiwe amenisikiliza. Mimi ambaye jana nilivunja sheria ili abaki, leo nilikuwa nikimtafuta kwa macho barabarani, na sufuria kichwani, na ile kanga yake ya kijani. Kisha nageukia dirisha la pili, naangalia anga ya Koboko, nikakumbuka kwamba anga haisemi chochote, kwamba huenda vilimani kunanyesha, kwamba huenda sasa hivi yuko katikati ya bamba la saruji na jua liko mgongoni mwake. Nikamwomba Mungu afute ombi la kwanza.

Sijui Mungu anawachukuliaje watu wa namna hii.

Keji alinifuata. Ni rafiki yangu, kwao Sudan Kusini, na shangazi yake anayeishi mjini alikuwa amekuja na kisra, ile mikate yao myembamba kama karatasi, na mchuzi wa bamia. Akasimama mlangoni akasema, "Shangazi anauliza kwa nini rafiki yangu anakula vitabu." Nikamwambia sina njaa. Akasema hata kitabu umekishika juu chini, jambo ambalo halikuwa kweli, lakini niliangalia. Akaondoka akitikisa kichwa.

Mchana ukasonga. Ndipo matroni akaja mwenyewe, akipumua kwa nguvu kwa sababu ya ngazi, na simu mkononi.

"Mama yako," akasema. "Ongea haraka, wako wengine wanangoja."

Na kweli nyuma yake walikuwa wamepanga mstari, wote wale ambao wazazi wao hawakufika. Ayikoru alikuwa kati yao. Nikachukua simu. Mama hana salamu, ana swali.

"Weye iko unakula?"

Nikamwuliza habari za maji.

"Maji gani? Daraja iko kavu. Batoto banacheza pale."

Niliketi kwenye sakafu ya korido. Alikuwa mzima. Alikuwa kavu. Na hakuwa hapa. Sikujua nianze na lipi.

Akanisimulia, kwa ule mtindo wake wa kuanza katikati. Alipika kabla ya mapambazuko, sombe na samaki, majani ya muhogo ambayo hakuna anayeyatwanga kama yeye. Akavaa, akafunga sufuria, akashuka mpaka kijitoni. Kukavu. Jua. Mwenye boda akamwambia, Mama, panda twende, hiyo ya redio ni maneno tu. Mama alikuwa ameshainua mguu. Ndipo akageuka nyuma.

"Bamama ya soko balikuwa pale, njia ya kanisa," akasema. "Banaangalia mimi. Bamesimama tu, banaangalia. Banasema, huyu ni mama ya mutoto wa redio. Kama yeye anapita, na siye tunapita. Nikarudi na sufuria yangu."

"Lakini palikuwa pakavu, Mama. Ungefika."

"Leo, ndiyo. Na siku ile maji itakuja kweli? Weye utasema kwa redio, nani atasikia? Bataniangalia tena mimi. Batasema, mama yake mwenyewe alipita."

Alidhani simu imekatika, akaita haloo mara kadhaa. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nikijitahidi kulia bila sauti kwa sababu ya mstari ule.

Nilikuwa nimedhani atabaki kwa kuogopa maji, au kwa kunitii, au kwamba labda safari yenyewe si ya lazima sana kwake. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kooni tangu Ijumaa, na nimeliona tu nilipoliandika sasa. Kumbe alisimama pale ukingoni na sufuria ya moto kichwani, njia iko wazi mbele yake, nami niko mwisho wa njia, akageuka ili neno langu lisianguke mbele ya watu. Haamini utabiri hata sasa. Aliniambia waziwazi. Alisema maneno bado ni ya serikali.

Kisha akasema matroni amemwambia kwamba wazazi ambao hawakufika leo wataruhusiwa Jumapili ijayo. Akaniuliza:

"Sasa nikuje? Siulizi redio. Nauliza weye."

Matroni alikuwa anaonyesha saa yake. Nilijua kwamba utabiri wa msimu unasema mvua za mwezi huu bado zinaendelea, zaidi ya kawaida. Nilijua karatasi mpya haitakuja mpaka Ijumaa. Ningeweza kumjibu kama mtu wa klabu, tusubiri tuone. Ningeweza kumjibu kama mtoto mzuri, usijisumbue. Nyumbani kwetu hatusemi mambo ya moyo kwa midomo. Tunauliza mtu kama amekula.

Lakini wasichana wote walikuwa wakisikia, na nikagundua kwamba nimeshasema na Arua nzima kupitia trei za mayai, kwa hiyo korido moja si kitu.

"Mama, nakutaka," nikasema. "Kila siku nakutaka. Kukiwa kukavu, njoo. Kama kuna maji, usije. Nitalia, lakini usije."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu akimwita mtoto.

"Sawa," akasema. "Lia basi. Lakini ukule."

Nikarudisha simu. Ayikoru ndiye aliyefuata. Alinipita bila kuniangalia, na sijui aliongea nini na baba yake, maana niliondoka ili asisikilizwe.

Nilitoka nje kwenye jua lile lile. Mkeka wa akina Keji ulikuwa chini ya ukuta wa bweni, penye kivuli kidogo. Shangazi yake alisogeza miguu yake, nikapata mahali, akakata kisra akanipa. Nilikula nikilia kidogo, na yeye akaendelea kumweleza Keji habari za mjini kana kwamba watu wote hula hivyo. Baadaye Ayikoru naye akaja, sijui nani alimwita. Aliketi upande wa pili. Bamia ilipokuwa mbali nami, aliisukuma kwa kidole, ikanifikia. Bado hajanisemesha. Sitamharakisha.

Mwalimu Candia alipita akikagua mikeka, akanisalimu, akaniambia kesho nifike ofisini kwake kabla ya somo la kwanza. Nadhani ninajua ni kuhusu nini. Akiniuliza kama ningelirudia kosa lile, nitamwambia nini? Kusema sitalirudia ni uongo. Kusema nitalirudia ni kuacha redio. Labda nitamwomba tu kwamba, wiki ambazo madaraja ya chini yametajwa, sentensi ile iandikwe kwenye karatasi na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili iwe ya mama wote na isiwe ya wangu peke yake. Sijui kama nitaweza kuyasema hayo yote bila kusimama katikati. Nitajaribu.

Hapa dirishani anga bado haina kitu. Kule kaskazini-magharibi, mbali sana, naona umeme ukimulika bila sauti. Ni upande wa vilima. Huenda kunanyesha huko, huenda ni joto tu. Mama yuko upande wake wa kijito, mimi niko upande wangu, na sufuria ya sombe bila shaka imeshaliwa na majirani.

Jumatatu inaanza baada ya saa chache na sina utabiri wake.

Kengele ya chakula imelia. Nimeshiba, lakini nakwenda. Nimeambiwa nile.